Risala ya Chama cha Sayansi na Anga kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Wazazi, Kisumu

Mheshimiwa mgeni wa heshima, mwalimu mkuu, wanachama wa bodi ya shule, walimu wetu wapendwa, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya Chama cha Sayansi na Anga, tunakukaribisha Kisumu kwa moyo mkunjufu. Tumearifiwa kwamba wewe ni mhandisi na kwamba risala ndefu hukuchosha. Kwa sababu hiyo tumefuta aya nzima iliyosifu mandhari ya ziwa. Ziwa utajionea mwenyewe ukielekea uwanja wa ndege.

Mheshimiwa, kazi kubwa ya chama chetu ni kupokea picha za hali ya hewa moja kwa moja kutoka angani. Antena iliyo juu ya paa la maabara, ambayo wageni wengi hudhani ni ya kuanikia nguo, tuliiunda kwa mabomba ya plastiki na waya wa shaba. Imeungwa na kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta. Setilaiti ikipita juu yetu, kwa muda usiozidi robo saa, tunanasa mawimbi yake katika megahezi 137 na programu huyageuza kuwa picha: Ghuba ya Winam, mawingu yaliyorundikana juu ya vilima vya Nandi, na ziwa lote hadi upande wa Mwanza.

Tulianza na setilaiti za NOAA, shirika la Marekani la hali ya hewa na bahari. Mwaka 2025 tatu za mwisho zilizokuwa zikituma picha kwa mtindo huo, NOAA-15, NOAA-18 na NOAA-19, zilistaafishwa. Zilikuwa zimezeeka, NOAA-15 ilikuwa angani tangu 1998. Hakuna aliyetuuliza maoni yetu, wala hapakuwa na sababu ya kutuuliza. Siku hizi tunapokea picha za Meteor-M, setilaiti za Urusi. Yaani wingu la Ahero tunalitazama kwa hisani ya Moscow, baada ya hisani ya Washington kwisha. Hapo ndipo mijadala ya chama ilipotoka nje ya silabasi, na mwalimu mlezi akatuacha tuendelee.

Tuligundua kwamba swali letu, la nani anamiliki vyombo vya angani tunavyovitegemea, lina historia. Mfumo wa GPS, ambao leo unamwongoza dereva wa matatu na mwenye bodaboda wa kupeleka chakula, ulitengenezwa na jeshi la Marekani, na setilaiti yake ya kwanza ilirushwa 1978. Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipotea njia ikaingia anga ya Muungano wa Kisovieti, ikatunguliwa, na watu 269 wakafa. Baada ya msiba huo Rais Reagan aliahidi kwamba mfumo ukikamilika utafunguliwa kwa usafiri wa raia. Hata hivyo, hadi Mei 2000 mawimbi ya raia yalivurugwa kwa makusudi ili yasiwe sahihi kama ya wanajeshi. Leo mvuvi wa Dunga au Usenge hutumia mawimbi hayo kwenye simu kutafuta nyavu zake, na pia kujua kama bado yuko maji ya Kenya. Wanaofuatilia mzozo wa Migingo, kisiwa kinachogombaniwa na Kenya na Uganda, wanajua kwamba mpaka wa majini hauna ua wala kibao. Chombo kilichobuniwa kuelekeza makombora sasa kinamwepusha mzee wa watu na seli ya nchi jirani.

Wala mambo hayaendi upande mmoja tu. Katika vita vya Ukraine, droni ndogo za dukani zimefungwa mabomu, na marubani wa ndege za abiria karibu na Bahari ya Baltiki wamekuta mawimbi ya GPS yamezibwa. Hapa kwetu, kutoka Chemelil, ndege zisizo na rubani hupeleka damu na dawa, zikiangusha mizigo hiyo kwa mwavuli kwenye vituo vya afya bila kutua. Anayezipanga hizi na anayezipanga zile wamesoma hesabu ile ile. Sisi hatuamini kwamba sayansi ina moyo wake wenyewe, mzuri au mbaya. Tunaamini kwamba asiye na fundi wake hupangiwa na wengine.

Mji huu unalijua jambo hilo tangu zamani. Reli iliyoanzia Mombasa 1896 ilifika hapa 1901, na Waingereza hawakuileta kwa ajili ya omena. Walitaka Uganda na chanzo cha Nile viwe mkononi mwao. Baadaye ziwa hili likapata MV Uhuru, meli inayobeba mabehewa ya reli. Wengi wetu tunaijua meli hiyo, lakini wachache wamesikia juu ya Uhuru nyingine, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani, na data yake ilisaidia kutambua Cygnus X-1, kitu ambacho wanasayansi wengi walikuja kukubali kuwa shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkubwa hata mwanga hauwezi kutoka. Roketi ilikuwa ya Marekani, jukwaa la Waitaliano. Sisi tulitoa bahari, ikweta na jina.

Ikweta si zawadi ndogo, mheshimiwa. Hapo dunia huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki, na roketi inayoelekea huko huondoka ikiwa tayari na kasi hiyo. Sisi tuko karibu na mstari huo kuliko Malindi. Ukipanda gari la Maseno unauvuka. Mwanachama mmoja alipendekeza roketi zirushwe Maseno. Hoja ilishindwa kwa kura nyingi, kwa kuwa mashariki ya Maseno hakuna bahari, kuna Nandi na Nanyuki. Na vyuma vya angani huanguka kweli. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa karibu mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 500 iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni. Mkataba wa kimataifa wa 1972 unasema nchi iliyorusha chombo italipa hasara kikianguka ardhini. Lakini kwanza lazima mtu aweze kusema kwa ushahidi chuma ni cha nani, na hiyo ni kazi ya watu wenye vipimo vyao.

Kenya imeanza. Mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga, na Aprili 2023 Taifa-1 ikarushwa kutoka California. Tulishangilia, ingawa roketi zilikuwa za wengine.

Sasa maombi yetu, ambayo ndiyo sababu halisi ya risala.

Kwanza, tunaomba kompyuta moja. Tunayotumia ni ya ofisi ya mhasibu, na setilaiti haimsubiri mzazi amalize kulipa karo. Intaneti si lazima. Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na mtandao ukazorota Afrika Mashariki yote, lakini antena kama yetu hupokea picha hata siku kama hizo.

Pili, tunaomba basi la kutufikisha Malindi tukaone kituo cha San Marco. Tuko tayari kulala kwenye madarasa ya shule yoyote itakayotupokea.

Tatu, tunaomba utuombee kibali kwa kamati ya ufuo wa Dunga tubandike picha zetu kila jioni pale mashua zinapopakia taa za omena. Utabiri tutauachia Idara ya Hali ya Hewa. Tunachotaka ni mvuvi aone wingu lilipo kabla hajasukuma mashua, kwa sababu dhoruba za ziwa hili huja usiku, na baadhi yetu baba zetu wako majini saa hizo.

Ni sisi wanachama wa Chama cha Sayansi na Anga. Asante kwa kutusikiliza.