M82 hailipuki, inazaa nyota

Ndugu Mhariri,

Picha ya galaksi ya M82 mliyoichapisha kwenye ukurasa wa sayansi inapendeza, lakini maelezo yaliyo chini yake, kwamba hiyo ni "galaksi inayolipuka", yamepitwa na wakati. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Arua, Uganda. Mwanafunzi wangu alikuja darasani na gazeti lenu mkononi akauliza: "Mwalimu, kama imelipuka, mbona bado ipo?" Swali lake ni la haki, na jibu lake linastahili kuwafikia wasomaji wote.

Mwaka 1963 wanaastronomia Lynds na Sandage walichunguza nyuzi za gesi zinazotoka katikati ya M82, wakaona kwamba kiini chake kimelipuka. Hawakuwa wazembe. Walitumia mwanga wa kawaida, na katikati ya galaksi hiyo pamefunikwa na vumbi zito. Vumbi hilo humeza mwanga wa nyota changa, likapata joto, kisha likatoa nguvu hiyo upya kwa mawimbi ya infraredi ambayo jicho haliyaoni. Chombo cha angani cha IRAS, kilichorushwa mwaka 1983 na Marekani, Uholanzi na Uingereza, kilipopima anga kwa mawimbi hayo, zilijitokeza galaksi ambazo karibu nguvu zake zote hutoka kwa njia hiyo. Arp 220 peke yake hung'aa kupita majua trilioni moja. Kinachowaka humo hasa ni nyota zinazozaliwa kwa wingi na kwa haraka. M82 nayo huzaa nyota kwa kasi inayokaribia mara kumi ya galaksi yetu, na nyota zake kubwa, zikiishi na zikifa, ndizo zinazosukuma gesi nje.

Gesi yenyewe ni shida nyingine. Molekuli za haidrojeni zikiwa baridi hazitoi mawimbi ya kutosha, kwa hiyo wanaastronomia hufuata kaboni monoksidi iliyochanganyika nazo, wakiisikiliza kwenye mawimbi ya redio yenye urefu wa milimita 2.6. Kwa njia hiyo darubini za ALMA, kule Chile, zilionyesha mwaka 2013 kwamba galaksi nyingine, NGC 253, inatupa nje gesi isiyopungua ile inayoitumia kuunda nyota. Kwangu mimi hapo ndipo penye habari kubwa: galaksi inajimalizia malighafi yake yenyewe.

Mwaka 2024 zikaja picha za darubini ya James Webb. Zilizifuata nyuzi za M82 hadi karibu na kiini, zikaonyesha molekuli za kaboni za jamii ileile iliyomo kwenye masizi ya chini ya sufuria. Wanafunzi waliposikia hivyo, kengele ililia na hakuna aliyenyanyuka.

Naomba basi mchapishe masahihisho. Na mkirudia mada hii, wekeni picha mbili pamoja, ya mwanga wa kawaida na ya infraredi, mtaje darubini na mwaka, na mseme wazi kwamba rangi za infraredi zimepangwa na wanasayansi. Tena chagueni NGC 253. M82 kwetu hubaki chini upande wa kaskazini, lakini NGC 253, jioni za Oktoba na Novemba, hupanda juu sana kusini. Pasipo na taa, mtoto wa Arua mwenye darubini ndogo ya mkono anaweza kuitafuta mwenyewe.

Mwalimu wa fizikia,
Arua