Ufunguo wa stoo bado uko mkobani mwako

Kwa binti zangu mameneja na wakurugenzi wa Mombasa,

Salamu sana. Nimeudhika, na afadhali niseme mapema. Kikao cha bajeti kimesimama mara tatu kwa sababu mkuu wa idara anamwelekeza dada wa kazi kwa simu: unga uko kabati la pili, la, la chini, nyuma ya sufuria. Mara ya nne ni tokeni za stima. Watu sitini anawaendesha ofisini, ila nyumbani ufunguo wa stoo haumtoki mkononi.

Hapo msisingizie uhaba wa saa. Ofisini, kabla ya likizo, mnaandika makabidhiano mpaka ya stepla. Nyumbani kila kitu kiko kichwani mwenu, dada wa kazi amepewa ufagio bila madaraka, halafu akipiga simu mnasema hana akili.

Ketini naye Jumamosi moja kwa daftari. Andikeni mtungi wa gesi wa kilo 13 umefungwa tarehe ngapi. Mkiandika mara tatu mtajua unakaa siku ngapi. Pembeni uwepo wa kilo 6 wenye meko yake juu, umejaa, usiguswe mpaka mkubwa uishe. Andikeni siku za maji ya mfereji, maji ya kisima ya chumvi ni ya kazi gani, na tangi likifika nusu amwite mwenye mkokoteni yeye mwenyewe, asingoje ruhusa. Kisha pesa. Mkituma mia mbili mia mbili kwa M-Pesa, kila mia mbili itazaa simu. Wekeni 3,000 za wiki kwenye kopo, aandike kila anachotoa, Ijumaa mjazie zirudi 3,000. Kilicho chini ya 500 asiulize.

Wiki mbili za kwanza atakosea. Atanunua nyanya ghali, atasahau sabuni. Hapo ndipo wengi wenu mnanyakua kopo, na simu zinarudi vilevile. Mwacheni akosee, mwelekezeni jioni. Na mlipeni kwa tarehe. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa siku ya mapumziko katika kila siku saba. Yeye ni mwajiriwa kama nyinyi, hata mkimwita mwanenu.

Ramadhani nayo haiji ghafla, mwezi unaandama kila mwaka. Sambusa zikunjeni Shaabani, mzigandishe mbichi kwenye sinia zisigusane, ndipo zitiwe mfukoni. Zikaangeni zikiwa bado barafu, moto wa wastani. Zikiyeyuka manda inalowa na kupasukia kwenye mafuta. Mbaazi chemsheni mgandishe bila tui, maana tui likigandishwa hukatika. Kaimati ni za siku ileile, msijidanganye.

Mengine nayataja tu. Mume asipewe "kusaidia". Apewe jambo zima, kwa mfano shule: karo, mikutano, sare na kundi la WhatsApp la wazazi. Daktari wa meno wa mtoto aandikwe kwenye kalenda ya kazi kama kikao. Simu ya ofisi ilale sebuleni.

Sasa ninyi wenyewe, maana mna walio chini yenu. Nani aliwafundisha kuitisha kikao saa kumi na moja jioni, na karani anasubiriwa na mtoto ng'ambo ya feri ya Likoni? Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri awe na chumba cha kunyonyeshea, chenye mahali pa kunawa na cha kupozea maziwa, na inampa mama muda wa kukamua usiokatwa kwenye chakula chake cha mchana. Maziwa hayo nje ya friji hukaa muda wa saa 4 tu kwenye joto la nyuzi 25, na joto letu mnalijua. Bado kuna binti anakamua chooni, ghorofa moja na wewe mwenye sahihi ya matumizi. Chumba kipo. Ni kile mlichorundika mafaili ya zamani na kiyoyozi kibovu.

Shangazi yenu