Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Dar es Salaam: tunaomba chumba na mtu wa kumuuliza

Ndugu Afisa Elimu,

Shikamoo.

YAH: OMBI LA DARASA LA JIONI LA FIZIKIA YA ANGA

Mimi ni mwanafunzi wa fizikia, mwaka wa pili chuoni, mkazi wa Ubungo. Jioni huwa nakaa na wadogo zangu wa kidato cha tano na sita wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) hapa mtaani, tunasaidiana maswali. Linalotusumbua kuliko yote ni mada ya uvutano na mizunguko ya setilaiti. Kanuni wanazo kichwani; hata ukiwaamsha usiku wa manane watakutajia ya Newton na ya Kepler bila kukosea. Swali likigeuzwa kidogo wanakwama, na mara nyingi nakwama nao. Tuisheni zipo kila kona, ila nyingi zinafundisha majibu ya mitihani iliyopita. Ukiuliza "kwa nini" unaambiwa muda umekwisha.

Nikupe swali moja uone. Setilaiti ya matangazo ya televisheni inakaa juu ya ikweta na kuonekana imesimama palepale. Iko umbali gani? Wengi wanachukua saa 24, yaani sekunde 86,400, wanaingiza kwenye kanuni ya Kepler, inayounganisha muda wa mzunguko na umbali, na kupata kilomita 42,241 kutoka kitovu cha Dunia. Wanatoa nusukipenyo cha Dunia, wanabaki na kama 36,000, wanapewa vema. Lakini Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Dakika karibu nne zinazobaki ni za kulifuata Jua, kwa kuwa Dunia ikijizungusha inakuwa pia imesogea kwenye njia yake ya kulizunguka. Ukitumia muda huo unapata kilomita 42,164.

"Sasa kilomita 77 ni nini kwenye elfu arobaini na mbili?" aliniuliza kijana mmoja, tena kwa ukali. Tukapiga hesabu. Setilaiti yenye mzunguko wa saa 24 kamili ingebaki nyuma ya Dunia kidogo kila siku, ikisogea magharibi karibu nyuzi moja. Wiki haiishi, madishi ya Sinza yote yanatazama patupu, na watu wanagombania fundi usiku wa mechi ya Simba na Yanga. Alicheka, kisha akairudia hesabu mwenyewe bila kuambiwa.

Na huyo fundi madishi anaijua jiometri hii kwa mikono. Mwangalie akifunga dishi la futi sita juu ya paa Manzese: analegeza nati kwa spana, analilaza dishi mpaka linatazama juu kama sinia, analisukuma kwa kiganja huku mtoto ndani, macho kwenye king'amuzi, anapiga kelele, "Bado! Bado! Hapohapo!" Dar iko nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, longitudo 39.3 mashariki. Kama setilaiti iko longitudo 36 mashariki, hesabu inataka dishi lielekezwe takriban nyuzi 81 kutoka upeo wa macho, kaskazini na magharibi kidogo. Fundi hakuandika sini wala kosini, na picha inatoka. Mwanafunzi anayeziandika sini na kosini hajawahi kupanda paa. Ningependa hao wawili wakae meza moja.

Lipo jingine lililotufanya tubishane hadi mama mwenye nyumba akatuzimia taa. Setilaiti iliyo kilomita 400 juu huenda kilomita 7.67 kwa sekunde. Hewa hafifu ya huko inaikwaruza, nayo inashuka. Ikifika kilomita 200 inakwenda 7.79. Yaani imekwaruzwa, na mwendo umeongezeka! Tulihangaika sana, mpaka mhadhiri mmoja alipotufafanulia akisubiri basi la mwendokasi kituoni Ubungo: inaposhuka inapoteza nishati ya kimo, nusu inakuwa mwendo na nusu inaishia kuwa joto. Kabla basi halijafika tulikuwa tumeelewa. Watu wa namna hiyo wapo mkoani hapa. Hatujui tu tuwakute wapi, maana mwanafunzi hawezi kuvizia walimu vituoni.

Jirani zetu wameshaanza. Rwanda ilipeleka setilaiti yake ndogo mwaka 2019, Uganda 2022, Kenya Taifa-1 mwaka 2023. Na tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei zinazotoka angani, ikapewa jina la Uhuru. Walipapenda pale kwa sababu ni karibu na ikweta, ambako Dunia yenyewe inakusukuma mashariki kwa mita 465 hivi kwa sekunde, bure. Pwani yetu ni hiyohiyo. Serikali nayo imesema inataka setilaiti yake. Hesabu zake watazipiga watoto hawa au tutakodi watu.

Tunachoomba ni chumba kimoja katika sekondari ya umma yenye umeme wa uhakika, jioni moja kwa wiki, kiwe wazi kwa mwanafunzi yeyote, hata mtahiniwa wa kujitegemea. Walimu wa fizikia wapokezane zamu na warudishiwe nauli. Si haki kumtoa mwalimu Kigamboni jioni kwa pesa yake ya mfukoni. Sisi wa vyuoni tutakuja bure. Darubini isubiri. Najua wafadhili wanapenda kuikabidhi, inapendeza kwenye picha, lakini bila mtu wa kuieleza itaishia stoo, na anga la Dar lina taa nyingi na mawingu ya masika.

Kwa kuanzia fimbo inatosha. Karibu na tarehe 10 Oktoba, kama saa sita na dakika kumi mchana, Jua linapita utosini hapa Dar na fimbo iliyosimama wima inakosa kivuli. Hutokea tena mwanzoni mwa Machi. Shule zikiwatoa wanafunzi uwanjani wakapima vivuli kila baada ya dakika chache, na wakawa na jedwali la mwinamo wa Jua, yaani nyuzi ngapi Jua liko kaskazini au kusini mwa ikweta siku hiyo, watapata latitudo ya mji wao wenyewe. Hilo halihitaji bajeti, linahitaji waraka wako tu.

Ukiridhia, tutajie shule na siku. Alhamisi inawafaa wengi. Ijumaa kuna ibada na Jumamosi ni tuisheni. Na mlinzi wa shule apewe maelekezo ya ufunguo kwa maandishi, la sivyo tutamalizia maswali getini.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa fizikia, Ubungo