Barua ya Wazi kwa Wanafunzi wa Ualimu Mnaotengeneza Video za Kufundishia

Wanangu, Assalamu alaykum.

Majuzi nilialikwa katika skuli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja kuangalia video mlizotengeneza kwa somo la sayansi. Nilitoka na hasira, na kwa kuwa nawapenda nimeona niwaandikie kuliko kuwasema pembeni.

Iliyoniudhi ilihusu bamvua, yaani siku bahari inapojaa na kukupwa sana, na maji mafu, inapojaa na kukupwa kidogo. Bahari iliyoonyeshwa ilikuwa ya nchi za watu, maandishi yalijaa kioo kizima, sauti ikayasoma maandishi yale yale neno kwa neno, na juu ya yote ukapigwa muziki. Mtoto mmoja, ambaye mama yake analima mwani na hungoja bamvua ili ashuke shambani, aliuliza kwa nini mwezi ukiandama au ukiwa mpevu maji hukupwa mbali zaidi. Mwasilishaji akamjibu kwamba hilo halimo kwenye video! Na hilo ndilo somo lenyewe: siku hizo jua, dunia na mwezi hukaa takriban katika mstari mmoja na mivutano ya jua na mwezi ikasaidiana; mwezi ukiwa nusu, mivutano hupunguzana, yakawa maji mafu.

Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Marekani, ameonyesha kwa majaribio kwamba mtu hujifunza vizuri zaidi kwa picha inayoelezwa kwa sauti kuliko akiongezewa maandishi yanayorudia sauti hiyo, kwani jicho haliwezi kusoma na kufuata picha kwa pamoja. Basi mchoro wa mwezi usogee, sauti ieleze, na maandishi yabaki majina tu. Muziki utoeni. Mtaniambia wahadhiri hutoa maksi kwa mbwembwe, na ni kweli. Sisi wakubwa ndio tunaowavika kilemba cha ukoka kwa kazi inayometameta, kisha projekta tunazifungia ofisini zisichakae.

Mengine ni machache. Rekodini sauti mbali na feni. Picha pigeni wenyewe, Jambiani si mbali, na muwaombe ruhusa kina mama wa mwani kwanza. Waonyesheni watoto wawili watatu kabla ya mhadhiri. Na faili lipunguzeni uzito, kwa maana mzazi wa Micheweni, kule Pemba, atakayelifungua kwa simu hununua bando kwa pesa yake, nalo litamwishia kabla mwezi wenu haujamaliza kuizunguka dunia.