Safari ya Mwaloni Jumamosi hii

Habari za jioni, ndugu zangu wote. Poleni na majukumu.

Ile safari yetu ya sokoni sasa ni Jumamosi hii. Tuliisogeza kwa sababu ya mbalamwezi, maana dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Sasa giza limerudi, wavuvi wa dagaa wako ziwani na mzigo unashuka.

1. Tukutane lango la soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, saa 12:30 asubuhi. Tafadhali tusichelewe, sato wazuri huondoka mapema.
2. Mchango ni 20,000 kila mmoja, kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi saa 2 usiku. Tunanunua dagaa kwa gunia kisha tunagawana kwa sado (kindoo cha kupimia).
3. Njoo na ndoo yenye mfuniko na kikapu.

Kwenye dagaa naomba tuwe makini. Tuingize mkono hadi chini ya gunia, siyo juu tu. Walioanikwa juu ya kichanja wanang'aa kama fedha na ukiwavunja wanalia kach. Walioanikwa chini wanakuachia mchanga kiganjani. Hao tuwaache, hata bei ikishuka.

Tukimaliza, kila mtu azunguke kwa raha zake. Mimi napitia michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na machungwa ya Ukerewe, na kusalimiana na wale mama wa ndizi wanaotuongezea kila mara. Soko halina haraka, jamani.

Nahitaji pia watu wawili wa kubeba na kupima. Nani yuko tayari?

Anayekuja aandike NIPO hapa chini kabla ya kesho saa 6 mchana, na idadi ya sado anazotaka.