Kwa nini mgunga wako mchanga umebaki mwembamba kama fimbo

Karibu kila wiki mteja huingia kwenye kitalu chetu hapa Goma akiwa amebeba chungu kidogo cha bapa cha bonsai, yaani mti unaolelewa ubaki mdogo lakini uonekane mzee, na ndani yake umesimama mgunga wa miaka miwili au mitatu ambao shina lake halizidi unene wa kalamu, matawi yake yamezungushiwa waya wa umeme, na majani yake yameanza kugeuka manjano. Swali huwa ni lile lile: mbona mti huu haupati sura ya mti mzee, ilhali mwenyewe ameukata, ameukunja na kuumwagilia kila siku? Jibu letu huwashangaza wengi. Mti huo haukukosa kukatwa wala kukunjwa. Ulikosa nafasi ya kunenepa kabla ya kutiwa kwenye chungu.

Bonsai ni neno la Kijapani linalomaanisha mmea uliopandwa katika sinia, na si jina la aina ya mti, kwa hiyo mtu akikuuzia "mbegu za bonsai" ujue anakuuzia mbegu za mti wa kawaida. Udogo wa mti unatoka mikononi mwa anayeulea. Shina la mti wowote hunenepa kwa chakula kinachotengenezwa na majani, na majani huwa mengi pale tu mizizi inapokuwa na mahali pa kwenda. Chungu kidogo huibana mizizi, mizizi iliyobanwa hupunguza majani, na shina husimama pale lilipofika. Kwa mti ambao tayari una shina nene, hilo ndilo tunalolitaka, kwa sababu chungu kinausaidia kudumisha umbo lake. Kwa mche, ni kumkatiza mtoto maziwa kabla hajaota meno.

Kabla ya yote, hakikisha ulichonacho ni mgunga kweli. Watu wengi hutuletea mche wa akasia nyeusi ya Australia, ile inayopandwa sana kwenye vilima vya Kivu kwa ajili ya kuni na makaa. Majani yake ni mazuri, laini kama manyoya, lakini haina miiba, hukua kwa haraka na haiishi miaka mingi, nasi hatumshauri mtu atumie miaka kumi ya maisha yake juu yake. Mgunga wa nyika zetu una miiba, mara nyingi iliyokaa miwili miwili mahali jani linapoota. Kwenye vitabu vya zamani utaukuta ukiitwa Acacia, lakini wataalamu wa mimea waliigawa jamii hiyo, na miti yetu ya Afrika sasa inaandikwa Vachellia au Senegalia. Ni mti ule ule. Tafadhali usiende kung'oa mti mdogo kwenye hifadhi ya Virunga, hata kama unauona umejikunja vizuri peke yake. Mbali na sheria, mgunga uliong'olewa porini huwa umeacha mzizi wake mkuu chini kabisa, na mara nyingi hufa ndani ya miezi michache.

Sisi huanza na mbegu. Tunazichagua zile zisizo na kitobo cha mdudu, tunazimwagia maji ya moto yaliyoondolewa jikoni, tunaziacha humo mpaka kesho yake, na zile zilizovimba ndizo tunazozipanda. Mche ukifikia urefu wa kiganja tunautoa na kuukata mzizi mkuu unaoshuka moja kwa moja, ili mizizi ya pembeni itandae pande zote kama vidole. Kazi hii hufanywa mara moja, mche ukiwa bado mchanga, na mtu akiiruka ataijutia siku ya kuuhamishia kwenye chungu cha bapa.

Kisha mche unaingia kwenye ndoo pana iliyotobolewa chini, na hapa sisi watu wa Goma tuna bahati ambayo hatuithamini. Wapenzi wa bonsai wa nchi nyingine hununua kokoto za volkano kwa bei kubwa, sisi tunazikanyaga. Yale mawe mepesi yenye matundu madogo tunayavunja, tunayachekecha mara mbili, na tunabaki na punje zenye ukubwa wa punje ya mahindi au ndogo kidogo. Vumbi lote tunalitupa, kwa sababu vumbi ndilo linaloziba njia ya maji na kuozesha mizizi. Sehemu mbili za kokoto hizo kwa sehemu moja ya mboji iliyooza vizuri zinatosha. Ukihamisha mti, usioshe mizizi yake ikabaki mitupu; ule udongo wa zamani una vijidudu vinavyoishi kwenye vifundo vya mizizi na kuupatia mgunga naitrojeni kutoka hewani.

Ndani ya ndoo hiyo mti unaachwa ukue bila kuguswa. Najua hili ndilo jambo gumu kwa mteja, kwa sababu anatamani kuona umbo, naye anaona kichaka kinachorefuka hadi kumpita yeye mwenyewe. Uache. Shina likishafikia unene wa kidole gumba, tunalikata chini kabisa, tunachagua chipukizi moja lichukue nafasi yake, tunaliacha nalo likimbie juu, kisha tunalikata tena. Kila mkato huacha kona ndogo na kufanya shina liwe nene chini na jembamba juu, na hapo ndipo jicho linapodanganyika na kuona uzee. Wakati mwingine tunaacha pia tawi moja la chini likue ovyo, tukiliita tawi la kafara, kwa kuwa kazi yake ni kulisha sehemu ile ya shina na baadaye kukatwa. Jambo moja la kuzingatia: mgunga uliokatwa hukauka kurudi nyuma kutoka kwenye jeraha, kwa hiyo tunakata juu ya jicho, yaani pale chipukizi linapotokea, tukiacha kisiki cha sentimita mbili au tatu, na tunakiondoa baadaye kikishakauka chenyewe.

Kuhusu waya, naomba niseme kwa kirefu, maana hapa ndipo miti mingi inapoharibika. Tawi la mgunga hukunjika vizuri likiwa limeanza kugeuka kutoka kijani kuwa kahawia. Likishakomaa hukatika ghafla, hasa pale linapoungana na shina. Tunatumia waya wa alumini wenye unene wa karibu theluthi moja ya tawi, tunakata ncha za miiba kwanza ili mkono ufanye kazi bila haraka, na hatumwagilii mti siku ya kuukunja, kwa sababu tawi lililojaa maji huvunjika upesi zaidi. Halafu, kila wiki, tunaukagua. Mwaka mmoja nilivuka ziwa kwenda Bukavu kwa shughuli za familia, na safari ya siku kumi ikawa ya wiki sita, katikati ya mvua. Niliporudi, mgunga niliokuwa nimeulea kwa miaka minne ulikuwa umenenepa na kuumeza waya; gome lilikuwa limevimba pande zote mbili za kila mzunguko, kama mkono uliofungwa kamba. Nilikata waya kipande kwa kipande kwa koleo, lakini yale makovu ya mzunguko bado yapo hadi leo. Hapa kwetu hakuna baridi ya kuusimamisha mti usikue, kwa hiyo usiifuate kalenda ya vitabu vya Japani inayoruhusu waya kukaa miezi mingi.

Umbo lenyewe tunapendelea lile mgunga unalojichagulia nyikani: shina lililoinama kidogo na juu yake mwavuli bapa. Mlezi wa bonsai wa Afrika Kusini, Charles Ceronio, aliliita umbo hilo Pierneef, kwa jina la mchoraji Jacobus Hendrik Pierneef (1886–1957), ambaye michoro yake ya nyika imejaa miti ya namna hiyo.

Majani ya manjano niliyoyataja mwanzoni mara nyingi yanatokana na maji. Maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi na yana tabia ya magadi, nayo huacha ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu na kuuzuia mti kupata chuma. Kinga maji ya mvua kwenye bidoni na uyatumie hayo kila unapoweza. Mti ukae nje juani, si juu ya meza ya sebuleni. Na ukiona vijani vimejikunja jioni, usiogope, ndivyo mgunga unavyolala.

Kwa wateja ambao miti yao imeshatiwa kwenye chungu kidogo, tunaupokea mti, tunauhamishia kwenye ndoo mwanzoni mwa mvua za Septemba, na tunaulea hapa kwetu mpaka shina lake litakapokuwa tayari kukatwa; mwenye mti anakaribishwa kuja kuutazama na kujifunza kuukata mwenyewe. Ukiuleta kwa pikipiki, ufunike kwa kitambaa chepesi kilicholowa na uje asubuhi na mapema, kwa sababu upepo wa barabarani hukausha vichipukizi kabla hujafika.