Pikipiki ya Mkononi: Ijaribu Barabarani, Lakini Pesa Ibaki Mezani

Mabishano mengi hapa dukani kwetu Ngamiani, Tanga, hayatokani na bei. Yanaanza pale mteja anaponyoosha mkono na kusema, "Kaka, nipe ufunguo nipige raundi moja niisikilize." Mwenye pikipiki anakunja uso. Mteja akiuona uso umekunjwa, anaamini kuna jambo linafichwa. Biashara inavunjika hapo hapo, na mara nyingi pikipiki ilikuwa nzima na mnunuzi alikuwa mtu wa heshima zake.

Utaratibu wetu ni huu: hakuna pikipiki ya mkononi, yaani iliyokwisha kutumika, inayouzwa hapa bila mnunuzi, au mtu wake, kuiendesha barabarani. Na hakuna ufunguo unaotoka bila bei yote ya pikipiki kuhesabiwa na kubaki mezani. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Tunaandika haya kwa wateja wetu, lakini hasa kwa wale mnaouziana wenyewe kwa wenyewe huko Makorora, Mabawa, Duga na Pongwe, ambako hakuna meza wala mtu wa tatu wa kusimama katikati.

Pikipiki iliyosimama haisemi kweli yote

Pikipiki ikiwa kwenye stendi inaweza kupambwa. Injini iliyochoka ringi ikimwagwa oili yake na kuwekwa nzito zaidi, mlio unatulia na moshi unapungua kwa siku chache, zinazotosha kabisa kukuuzia. Injini inayogoma asubuhi ikipashwa moto kabla hujafika, itawaka kwa kiki moja mbele yako. Kwa hiyo kabla ya kuomba ufunguo, sogeza kiganja karibu na injini. Eksozi usiiguse. Ukisikia joto na mwenyewe anakwambia haijawashwa tangu jana, kaa chini, kunywa kahawa, subiri ipoe. Pikipiki inayowaka ikiwa baridi bila kubembelezwa imeshakujibu maswali mengi.

Mengine hayajulikani mpaka magurudumu yazunguke. Klachi iliyokwisha haionekani kwa macho: weka gia ya tatu, ongeza mafuta, usikie injini ikipiga kelele huku mwendo ukibaki pale pale. Gia inayoruka utaijua ukiwa umeongeza mafuta, ghafla inatoka na kuingia nyutro. Beringi za stelingi zikilegea, ukikamata breki ya mbele utasikia "tok" mikononi. Fremu au foku (miguu inayoshika gurudumu la mbele) iliyopinda kwa ajali inakuvuta upande mmoja kwenye barabara iliyonyooka, na mtu aliyesimama nyuma ataona gurudumu la nyuma halifuati mstari wa la mbele. Huyo huyo wa nyuma ndiye atakayeuona moshi, maana wewe uliye juu huuoni. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua ndani. Mweusi maana yake petroli inaingia nyingi kuliko hewa, na hilo mara nyingi ni kazi ndogo ya kabureta au chujio la hewa, halipaswi kuvunja biashara.

Kama unanunua kwa ajili ya bodaboda, ijaribu na mtu nyuma. Watu wengi wanaijaribu peke yao, wanaisifia nyepesi, kisha abiria wa kwanza akipanda shokapu zinagonga chini na klachi inaanza kuteleza. Na hapa muuzaji mwenye wasiwasi anapata nafuu yake pia, kwa sababu anayekaa nyuma anaweza kuwa yeye mwenyewe.

Hapa Tanga yapo mambo mawili ambayo fundi wa bara anaweza kuyapita. La kwanza ni chumvi. Pikipiki nyingi zinabeba samaki kutoka mialo ya Deep Sea na Sahare, na maji ya chumvi yanachuruzika kutoka kwenye tenga hadi nyuma ya pikipiki, siku baada ya siku. Rangi ya tanki inang'aa, lakini inama uangalie pale shokapu za nyuma zinapofungwa kwenye fremu, mizizi ya spoku kwenye rimu, na upande wa chini wa mkono wa gurudumu la nyuma. Paka kidole. Kutu ya unga inafutika, ila kutu inayobanduka kwa magamba imeshakula chuma, na rangi mpya juu yake ni ya kukudanganya. Angalia pia nguzo za shokapu za mbele: zikiwa na vidoti vya kutu, sili za oili zitapasuka hata ukizibadilisha leo.

La pili ni milima. Pikipiki iliyofanya kazi Lushoto au Amani imeishi kwenye gia ya kwanza na ya pili, imepanda na mizigo na kushuka imebana breki. Saa ya kilomita inaweza kuonyesha namba ndogo, maana waya wake unachomolewa kwa dakika moja, lakini klachi na breki hazidanganyi. Hatusemi usinunue pikipiki ya mlimani. Tunasema jua imetoka wapi, na uijaribu kwenye gia hizo za chini kwa uvumilivu.

Kitambulisho peke yake hakirudishi pikipiki

Sasa tugeukie upande wa muuzaji, maana hofu yake ni ya haki. Mtu anakuja amevaa vizuri, anaongea vizuri, anaacha kitambulisho, anaondoka na pikipiki na hasikiki tena. Kitambulisho chenyewe unakuta ni cha mtu mwingine aliyekipoteza. Au wanakuja wawili: mmoja anaondoka "kupiga raundi", mwenzake anabaki. Muda ukipita unamuuliza ndugu yake yuko wapi, na yeye anashangaa: ni bodaboda aliyekodiwa kumleta, na yeye mwenyewe bado anadai nauli. Mwingine anakuachia pikipiki yake kama dhamana, na polisi wanapoitafuta unaonekana wewe ndiye uliyepokea mali ya wizi.

Kwa sababu hizo dhamana ya kweli ni moja tu, bei yenyewe. Tuseme mmekubaliana shilingi 1,800,000. Fedha taslimu inahesabiwa mbele ya wote, noti zinaangaliwa, inawekwa kwenye bahasha, na karatasi inaandikwa. Mtu mwenye nia ya kununua leo anayo pesa leo. Asiyekuwa nayo bado tunamkaribisha kuangalia, kusikiliza injini na kupanda nyuma ya kijana wetu akaendeshwa, lakini ufunguo hapewi.

Muamala wa simu hatuupendekezi kwa dhamana. Ukituma na kurudishiwa kuna makato, na yapo meseji za uongo zinazofanana kabisa na za mtandao. Mkilazimika, muuzaji aangalie salio lake mwenyewe kwenye simu yake, asisome meseji aliyoonyeshwa.

Mnunuzi naye ataniuliza, je, nikirudi nikute mwenye pesa ameondoka? Swali zuri, na ndiyo maana pesa haishikwi na muuzaji. Hapa dukani tunaishika sisi. Mkiwa mtaani, nendeni ofisi ya serikali ya mtaa, ambako mkataba wa mauziano wengi wenu mnauandikia hata hivyo, mwombeni mwenyekiti au mtendaji ashuhudie na aishike bahasha kwa nusu saa. Pikipiki haitoki mpaka bahasha iko kwa mtu ambaye wote wawili mnamwamini.

Karatasi yenyewe, na ugomvi inaouzuia

Karatasi yetu ni fupi: majina, namba za simu na namba za kitambulisho cha taifa (NIDA) za pande zote, namba ya usajili, namba ya chasisi na ya injini, bei, saa ya kutoka na saa ya kurudi. Sehemu inayookoa urafiki ni ile ya uharibifu, na hiyo tunaisoma kwa sauti kabla mtu hajatia saini.

Mjaribu akianguka au kugonga, gharama ni yake. Kioo, indiketa au wenzo wa klachi tunaukadiria pale pale kwa bei ya dukani na ufundi, anakatwa, anarudishiwa chake. Akiharibu fremu, foku au injini, amenunua. Lakini pikipiki ikiharibika yenyewe, hiyo si juu yake. Waya wa klachi ukikatika akiwa Chumbageni, injini ikazima isiwake tena, cheni ikaruka, gia ikakwama, hayo ndiyo aliyoenda kuyatafuta, na anarudishiwa pesa yake yote bila kukatwa hata shilingi. Wauzaji wengine wanalipinga sana hili. Wanasema, "Kwangu ilikuwa nzima, amekwenda kuikimbiza vibaya." Sisi hatukubali. Pikipiki isiyoweza kuhimili robo saa ya mnunuzi isingehimili wiki ya kazi, na ni heri iharibikie mikononi mwa mwenyewe kuliko kwa kijana aliyekopa kwenye kikundi ili apate riziki.

Na asipoipenda? Anarudisha ufunguo, anachukua bahasha, tunashukuriana. Halazimiki kutoa sababu.

Kabla ufunguo haujatoka

Kadi ya usajili kwanza. Linganisha namba ya chasisi na ya injini kwenye kadi na zilizogongwa kwenye chuma. Jina la kwenye kadi liwe la anayeuza, au awe na maandishi ya mwenyewe. Vijana wengi wanaendesha pikipiki za mkataba, wanalipa kidogo kidogo kila siku, na mpaka wamalize si zao. Pikipiki za mkopo nazo kadi zinashikwa na mkopeshaji. Mtu akikwambia "kadi ipo nyumbani, wewe jaribu kwanza", mwambie akailete, wewe unasubiri. Za namba za Kenya zinazopitia mpaka wa Horohoro usizipande kabisa mpaka uone karatasi za forodha.

Bima pia. Sheria ya bima ya vyombo vya moto haimgusi anayeendesha peke yake, inamgusa na anayeruhusu chombo chake kiendeshwe bila bima. Na muuzaji ajue kwamba bima ndogo inamhusu mtu wa nje atakayeumizwa, haitengenezi pikipiki yako mteja akiiangusha. Ndiyo maana tunarudi kwenye bahasha. Madeni ya trafiki tunayaangalia kwa namba ya usajili hapo hapo, ili mnunuzi asikamatwe kwa faini ya mwingine.

Mjaribu awe na leseni ya pikipiki na avae helmeti. Tunazo mbili za kuazima. Mwelezeni pia gia zinavyoingia, kwa sababu hazifanani: ipo ambayo namba moja unakanyaga chini na zilizobaki unapandisha, na ipo ambayo zote unakanyaga mbele. Mtu aliyezoea moja akipanda nyingine anaweza kupunguza alipotaka kuongeza, tena katikati ya magari.

Njia yetu ni moja kwa wote. Tunaanza kwenye barabara za namba za Ngamiani, ambako kila njia panda kuna baiskeli au bajaji inachomoza, na hapo breki, klachi na gia za chini zinajulikana. Kisha Raskazone, kuna nafasi ya kufika gia ya juu bila kuvuka kilomita 50 kwa saa, na kurudi. Barabara kuu ya Kange na Pongwe hatuitumii, malori ya saruji ni mengi na mtu akiwa juu ya chombo asichokijua hana muda wa kujifunza mbele ya lori. Mvua ikinyesha tunaahirisha.

Kama hujui kuendesha

Wateja wetu wengi wako hivyo: mwalimu, muuguzi, mama wa biashara anayemnunulia mwanawe au kumpa kijana mkataba. Dada, mama, usione haya. Njoo na fundi wako au dereva unayemwamini, na umlipe wewe. Fundi aliyeletwa na muuzaji au dalali anakula kwa muuzaji, hata akiwa mtu mwema. Mwambie aendeshe, wewe usimame nyuma uangalie moshi na gurudumu. Akirudi usimuulize "nzuri?" Muulize klachi inashika wapi, gia ipi nzito, breki ya mbele ikoje, na kama angeinunua yeye kwa bei hiyo hiyo angeanza kubadilisha nini. Majibu ya maswali hayo ndiyo utakayopunguzia bei.

Muuzaji asiyetaka pikipiki yake ijaribiwe hatumlazimishi, ila hatumpokelei. Anaweza kuiuza kwingine kwa wanaokubali mbuzi kwenye gunia.

Majaribio ni Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 asubuhi mpaka saa 11 jioni, isipokuwa Ijumaa tunapofunga kwa swala. Giza likiingia hatutoi ufunguo kwa mtu yeyote. Ukija asubuhi utaikuta injini baridi, tunazuia kijana yeyote kuiwasha kabla yako. Njoo na leseni, NIDA, fedha taslimu, na kama unanunua ya bodaboda, njoo na mtu wa kukaa nyuma.